Rivyu: Bismack Biyombo pale Memphis 2023, deiwaka aliyeitwa gari likiwa bovu

Nampa nyota nne kati ya tano, nasema mapema ili mwenye haraka achukue aende zake. Ninachokifanyia rivyu hapa ni usajili mmoja tu, Memphis Grizzlies, timu ya mpira wa kikapu ya NBA kule Marekani, kumchukua senta (mtu mkubwa wa chini ya kikapu) Bismack Biyombo mwanzoni mwa Novemba 2023, mkataba wa mwaka mmoja, mchezaji wa miaka 31 ambaye alikuwa hana timu, na Memphis yenyewe tangu msimu uanze ilikuwa haijaonja ushindi hata mmoja. Najua rivyu tulizozoea ni za simu na majiko ya gesi, ila usajili nao ni kununua huduma wazee, kuna bei, kuna kazi uliyomwitia mtu, na kuna muda wa kuangalia kama kazi imefanyika au hela imeliwa, na huyu mwamba namfuatilia miaka mingi kwahiyo nina la kusema.

Kwanza tuelewane Memphis walikuwa na shida gani, maana bila hivyo utamhukumu jamaa kwa kesi ambayo sio yake. Hii timu msimu wa 2021-22 ilishinda mechi 56, msimu uliofuata 51 na wakashika nafasi ya pili kanda ya Magharibi, wakaja kutolewa na Lakers raundi ya kwanza ya mtoano (plei ofu). Timu ya vijana, wana kelele, wanajiamini, kila mtu anasema hawa ndio wanakuja. Halafu ndani ya miezi michache kila kitu kikapukutika. Ja Morant, nyota wao na mwongoza mchezo, akafungiwa mechi 25 kwa ile ishu ya kuonekana na bastola live Instagram mara ya pili. Brandon Clarke, mtu wao mwingine mkubwa, alikuwa ameshachanika kano ya kisigino tangu Machi. Na siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza, Oktoba 2023, ikatangazwa kwamba senta wao Steven Adams goti lake halijapona, anafanyiwa upasuaji, msimu mzima hayupo.

Watu wengi ukiwauliza mbona Memphis walianguka wanakwambia Morant, basi. Mimi nasema la Adams liliuma karibu sawa na la Morant, ila halionekani kwa mtu anayeangalia highlights tu. Adams msimu wa 2022-23 kabla hajaumia alikuwa anaokota ribaundi za kushambulia 5 kila mechi, yaani mipira mitano ambayo wenzake wamekosa na yeye anawapa nafasi ya pili, na Memphis ile haikuwa timu ya wapiga mitupo wa mbali hatari, walikuwa wanaishi kwa kukosa, kuokota, kurudisha. Halafu zile skrini zake, yaani kusimama njiani kumkinga mwenzake, beki akigongana naye pale anachelewa hatua mbili na hatua mbili ndio mtupiaji wao Desmond Bane anazihitaji kutupia. Na kubwa zaidi, uwepo wa Adams ulimwacha Jaren Jackson Jr. acheze nafasi ya nne, yaani pembeni ya senta, azunguke, aje kuzuia kwa pembeni, na kwa mtindo huo msimu ule akachukua tuzo ya mlinzi bora wa mwaka. Mwondoe Adams, Jaren analazimika kusukumana na mijitu mikubwa kila mpira, faulo zinamjaa, na ribaundi sio kitu chake, mtu mrefu vile msimu huo wa 2023-24 alimaliza na wastani wa ribaundi 5 na ushee tu.

Kwahiyo kazi iliyokuwa inatangazwa pale ilikuwa moja, tunatafuta mtu mzima wa kusimama chini ya kikapu, agonge, aokote, azuie, apige kelele za ulinzi, na asidai mpira. Hiyo ndio kazi. Hakuna aliyeandika "aje atuokoe msimu".

Sasa huyu waliyemwita ni nani. Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, kazaliwa 1992, Kiswahili anaongea kama sisi, cha kwao kule Katanga, pamoja na Kilingala, Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Alionekana akiwa kijana mdogo kwenye mashindano Yemen, akapelekwa Hispania akakulia pale hadi akacheza Fuenlabrada, halafu 2011 kwenye mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit akaandika pointi 12, ribaundi 11 na bloku (mitupo aliyoizuia) 10, ikawa triple-double, yaani tarakimu mbili kwenye vitu vitatu, ya kwanza kwenye historia ya mechi hizo, na miezi michache baadaye akachaguliwa namba 7 kwenye drafti (zamu za timu za NBA kuchagua vijana wapya) na kuishia Charlotte. Kimo chake kwa senta sio kikubwa, futi 6 na inchi 8, Adams anamzidi, lakini mikono ile ikinyooshwa inafika futi 7 na nusu, na ndio mtaji wake wote wa maisha. Hana mtupo wa mbali, hana mbwembwe za kupiga chenga, na frii throo (mitupo huru) kwa maisha yake yote anazidi nusu kidogo tu. Anachojua ni kukaba, kuokota na kuweka skrini, na anakijua kwelikweli.

Na msimu wake wa kwanza Charlotte ulikuwa ule wa 2011-12 uliokatwa mechi zikawa 66, wakashinda 7 wakafungwa 59, asilimia mbovu kuliko zote kwenye historia ya NBA. Nakitaja hiki kwa sababu ukiajiri mtu aje kwenye chumba ambacho watu wanafungwa kila siku, unataka ambaye ameshakipitia na hakumharibu. Morali ya timu inayofungwa ni kitu kinachooza haraka sana, vijana wanaanza kulaumiana, kila mtu anatafuta takwimu zake. Mkongwe aliyeanzia kwenye 7 kwa 59 na bado miaka kumi na kitu baadaye anaitwa kazini, huyo hahitaji hotuba, wenzake wanamwona tu anavyoingia mazoezini.

Tuje kwenye utendaji wenyewe. Mechi za nyumbani za Memphis kwa saa za Afrika Mashariki zinaanza saa kumi alfajiri, kwahiyo ukiamua kuifuatilia timu inayofungwa saa hizo ujue una mapenzi. Memphis walifungwa mechi 6 za mwanzo mfululizo, wakaja kushinda ya kwanza kule Portland tarehe 5 Novemba, 112 kwa 100, siku chache tu baada ya Biyombo kusaini. Sisemi yeye ndio alishinda ile mechi, nasema tu kuanzia hapo ulinzi ulianza kuwa na sura. Alicheza jumla ya mechi 30 na karibu zote alianza, wastani wa pointi 5 na ushee, ribaundi 6 na ushee. Ukizisoma namba hizo bila kumwona unaweza kucheka. Ila angalia alichokuwa anafanya katikati ya namba.

Kitu cha kwanza ni mdomo, wachezaji wanaocheza mbele hawaoni nyuma yao, wanahitaji mtu anayewaambia skrini inakuja kushoto, mimi niko hapa, badilisha, rudi, na jamaa alikuwa haachi kuongea mpira mzima, ukisikiliza vizuri sauti za uwanjani unamsikia. Halafu namna anavyojua kurudi nyuma hatua moja moja dhidi ya mtu anayekuja na mpira kwa kasi, haruki ovyo, anamlazimisha jamaa aamue, apige au atoe pasi, na akipiga ile mikono inatokea. Senta kijana angeruka kwa kila danganyo. Na Jaren akarudi kule pembeni alipozoea, msimu huo alimaliza na wastani wa pointi 22 kwa mechi, na Bane zaidi ya 23, hayo yote yanahitaji mtu wa kubeba mizigo na kugongwa badala yao. Xavier Tillman naye alikuwa amerushwa kwenye nafasi ya senta mwanzoni mwa msimu na ni mchezaji mzuri namheshimu, lakini ni mfupi kwa kazi hiyo dhidi ya watu wakubwa kila usiku, alihitaji msaada.

Nilikokata nyota moja ni hapa, na sitaki kuficha kitu. Ukimweka Biyombo kwenye timu ambayo haina mtu wa kupenya na kutoa pasi, nusu ya mchezo wake wa kushambulia inakufa. Huyu anafunga kwa aina mbili tu, kudanki pasi ya juu baada ya skrini, au kuokota mabaki. Hizo pasi anatoa nani? Morant amefungiwa. Marcus Smart aliyeletwa kutoka Boston kuziba pengo la uongozi akaumia katikati ya Novemba. Derrick Rose umri umeenda na majeraha hayaishi. Kwahiyo ukawa unaona skrini nzuri kabisa imewekwa, Biyombo anakimbilia kikapuni mkono juu, na mpira hauji, au unakuja umechelewa, au unakuja miguuni na mikono yake sio laini kihivyo unamponyoka. Mabeki wa timu pinzani nao sio wajinga, wakaona huyu hatupii kwa mbali, basi mtu wake anamwacha anaenda kumsubiri Bane katikati, njia zote zimezibwa. Kuna mechi Memphis walikuwa wanashambulia kama watu wanaojaribu kupita kwenye korido yenye watu kumi. Hilo ni tatizo lake kama bidhaa, halikuanza Memphis, lipo tangu 2011 na kila anayemsaini analijua.

Hadi Morant anarudi tarehe 19 Desemba kule New Orleans rekodi ilikuwa ushindi 6 vipigo 19. Watu wakawa wanasema mnaona, mmechukua mzee hana msaada. Hapo ndipo nisipokubaliana na wengi kabisa. Siku hiyo Morant alipiga 34 na kikapu cha mwisho kengele ikilia, wakashinda 115 kwa 113 baada ya kuachwa pointi 24, halafu wakaendelea kushinda mfululizo, na kwenye mechi 9 tu alizocheza Morant kabla bega halijamtoa msimu mzima timu ilishinda 6. Kumbe senta yuleyule, benchi lilelile, kocha Taylor Jenkins yuleyule, weka dereva mwenye gari lake na gari linatembea.

Deiwaka, yaani dereva wa kushikia gari kwa siku, anapewa gari asubuhi, anaambiwa peleka Mbagala rudi, gari lina breki nusu na injini inakohoa. Akirudisha gari zima na hesabu imetimia, kafanya kazi yake. Huwezi kumlaumu kwamba mbona injini bado inakohoa. Biyombo alipewa ruti yake akaipiga, injini haikuwa kazi aliyoitiwa.

Na kama unaona namtetea kwa kuwa ni mtu wa kwetu, chukua mtu huyohuyo umpeleke kwingine uone. Januari 2022 Phoenix walimwita kwa mkataba wa siku 10, akitoka kwenye msiba wa baba yake aliyefariki 2021, alikuwa amekaa pembeni hachezi kabisa, wakampenda wakamwongezea hadi mwisho wa msimu, na Phoenix ile ilimaliza na ushindi 64, rekodi ya klabu. (Mshahara wote wa msimu ule aliutoa kujenga hospitali Congo kwa jina la baba yake, sio sehemu ya rivyu lakini siwezi kuandika habari zake nikaipita hiyo.) Memphis walipomwachia Januari 2024, mwezi mmoja mbele Oklahoma City wakamchukua, hakucheza sana pale, ila ile timu ilishinda 57 ikawa ya kwanza Magharibi, na walimtaka kwa sababu walikuwa wepesi chini ya kikapu na wanaenda plei ofu. Huduma ni ileile ndugu zangu. Kule 64, pale 57, Memphis 27. Tofauti ipo kwa waliomzunguka.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kumweka mahali pake ni Toronto 2016. Senta wao Jonas Valančiūnas kaumia kifundo cha mguu, Biyombo anaingia kama mbadala, fainali ya Mashariki mechi ya tatu dhidi ya Cleveland ya LeBron akaokota ribaundi 26, rekodi ya klabu, na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Lakini mle ndani kulikuwa na Kyle Lowry na DeMar DeRozan wanaotengeneza kila kitu, yeye aliambiwa zuia na okota. Baada ya hapo Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne, na hapo ndipo nasema ukiinunua huduma hii kwa bei ya mchezaji nyota lazima ulie, walikuwa tayari wana senta Nikola Vučević, Biyombo akawa anatokea benchi kwa hela za mtu wa kwanza, na baada ya miaka miwili wakamtoa kwa kubadilishana wachezaji. Hakubadilika yeye, ilibadilika bei na matarajio. Bei ya Memphis, mwaka mmoja bila kujifunga, ndio bei sahihi kwa huduma hii na hilo nawapongeza.

Halafu Memphis wenyewe ni watu ambao walitakiwa kulijua somo la mkongwe wa kazi maalum kuliko timu nyingi. Mnakumbuka 2009 walimchagua Hasheem Thabeet wetu wa Dar namba 2 kwenye drafti, mbele ya James Harden na Stephen Curry, mambo hayakwenda, na Februari 2011 wakampeleka Houston pamoja na nafasi ya drafti ili wampate Shane Battier, mkongwe, hapigi pointi nyingi, anakaba tu na kutupia akiachwa. Miezi miwili baadaye Memphis wameshika nafasi ya nane wanakutana na San Antonio waliokuwa wa kwanza, mechi ya kwanza dakika ya mwisho ni Battier aliyepiga ile ya pointi tatu, wakashinda 101 kwa 98, ushindi wa kwanza wa plei ofu kwenye historia ya klabu, na wakaja kumtoa San Antonio kabisa. Iliniuma upande wa Thabeet, lazima niseme, nilitamani abaki wamvumilie. Ila kwa upande wa timu ule ulikuwa ununuzi wa maana mno, na ulifaa kwa sababu Zach Randolph na Marc Gasol walikuwepo tayari. Mkongwe wa kazi moja anakuja juu ya msingi uliopo.

Lawama yangu kubwa kwenye rivyu hii sio kwa mchezaji ni kwa mteja. Ndio, taarifa ya Adams ilikuja siku chache kabla ya msimu, lakini goti lile liliumia Januari 2023, Clarke aliumia Machi, na kiangazi chote kikapita senta mkongwe yupo sokoni hana timu. Ulikuwa unasubiri nini? Ukiwa na goti moja la mashaka na kisigino kilichochanika kwenye safu ya watu wako wakubwa, unanunua akiba mwezi wa saba, anafanya kambi nzima ya mazoezi na wenzake, anajua Bane anapenda skrini kona ipi, anajua Jaren anapenda kusaidia upande gani. Wao wakamleta timu imeshaanza kufungwa, anajifunza mifumo huku mechi zinachezwa, na bado alifanya alichofanya. Nusu ya ile nyota niliyoikata kwa kweli ni ya uongozi.

Baada ya kumwachia msimu uliendelea kuwa wa tabu, majeruhi juu ya majeruhi, walitumia wachezaji 33 tofauti, kabla ya hapo hakuna timu iliyokuwa imefikisha idadi hiyo, wakamaliza 27 kwa 55. Adams wakampeleka Houston Februari bila kucheza tena. Na drafti ya Juni 2024 wakiwa na namba 9 wakamchukua nani? Zach Edey, senta wa futi 7 na inchi 4. Jaren akapata tena mtu mkubwa wa kusimama naye, Morant akarudi, msimu wa 2024-25 wakashinda mechi 48.

Nani namshauri anunue huduma ya aina hii? Timu yoyote ambayo senta wake kaumia na bado ina mtu wa kutengeneza mchezo, chukua hata leo. Timu yenye vijana wawili watatu warefu wanaojifunza, chukua, hata akicheza dakika 12 tu, mazoezini atawafundisha kusimama wapi. San Antonio walifanya hivyo Februari 2025, msimu wao ulikuwa mgumu, kocha Popovich mgonjwa, Biyombo akaingia kwa mkataba wa siku 10, siku chache mbele nyota wao kijana Wembanyama akatolewa msimu uliobaki kwa kuganda damu begani, jamaa akabaki hadi mwisho, wakamaliza 34 kwa 48 na sikusikia mtu wa maana akimlaumu yeye. Timu isiyo na mpigaji wa mbali wala mtoa pasi, usichukue, au chukua ukijua unanunua ulinzi peke yake na vikapu utavitafuta kwingine. Na ukimchukua mpe siku 10 kwanza, kisha mwaka, usimpe minne, na tafadhali mpigie simu mwezi wa saba.